Samaki wa Babu

Likizo ile nilikuwa na miaka tisa na ndugu yangu alikuwa na miezi kumi, na kutoka asubuhi mpaka jioni alikuwa wangu. Mama alikuwa akienda kuchuma kahawa kwa watu, upande wa chini wa Githongo. Kabla hajatoka alikuwa ananiita nje, ananiambia niiname, anamlaza mtoto mgongoni kwangu, anazungusha leso, anafunga. Halafu anasema, "Usimwache alie." Hayo ndiyo yalikuwa maagizo yote.

Sasa nina mtoto wangu na anakaribia umri ule wa ndugu yangu. Juzi nilimbeba mgongoni kwenda kliniki, na kabla foleni haijasonga mgongo ulikuwa umekufa ganzi. Mimi ni mtu mzima, nimemaliza kidato cha nne, nimezaa. Nilisimama pale nikiwa na hasira hadi muuguzi akaniuliza kama kuna mtu amenikosea. Nikamwambia hapana, foleni isonge tu.

Tulikuwa tunakaa kwa babu, baba yake baba. Baba mwenyewe alikuwa kazini Nanyuki, anakuja mwisho wa mwezi. Babu alikuwa na kidimbwi cha samaki. Wakati ule serikali ilikuwa inawachimbia watu vidimbwi bure, na kwenye baraza la chifu babu alikuwa wa kwanza kuinua mkono. Vijana walikuja wakachimba shimo refu kwenye kona ya shamba, chini ya migomba, wakalitandika karatasi nyeusi nene ya plastiki kuanzia ukingoni mpaka chini, wakaingiza maji kutoka kwa mfereji. Akaja mtu wa serikali na vifaranga vya tilapia ndani ya mfuko wa maji, akavimimina. Akatuambia baada ya miezi michache tutakuwa tunakula samaki na watoto watapata akili.

Hakuna aliyekula. Kwetu samaki hakuwa chakula. Nyanya alimwita nyoka aliyenenepa, na alisema sufuria ikishapika kitu hicho haitarudi jikoni kwake.

"Ukitaka kukula hiyo kitu yako," alimwambia babu, "jenga jikoni yako na utafute mwanamke wa kukupikia."

Babu hakutaka kuwala. Alitaka tu kuwa nao. Wageni walipokuja aliwapeleka kidimbwini kabla hawajapewa chai, akagonga debe tupu kwa fimbo, na samaki walikuja juu wote pamoja wakifungua midomo. Aliwatupia mabaki ya ugali. Wageni walicheka na kupiga makofi.

"Hata ng'ombe wangu hanitii hivi," alisema kila mara. "Hata huyu bibi."

Yule mtu wa serikali alikuwa amemwambia aweke ua. Babu alikata miti ya ua kweli, ikakaa kwa rundo nyuma ya nyumba, halafu ng'ombe akazaa na miti ikawa banda la ndama. Alipoulizwa alisema kila mtu hapa ana macho. Mtoto wa miezi kumi ana macho pia. Anayatumia kutafuta vitu vinavyong'aa.

Katikati ya likizo alikuja mtoto wa shangazi kutoka Embu mjini. Alikuwa na miaka kumi na miwili, raba nyeupe, na mdomo. Aliletwa kwetu apumzike, kwa sababu mwaka uliofuata angefanya mtihani wa darasa la nane. Nyanya alimpa yai kila asubuhi. Alikuwa akikaa kwenye ngazi za nyumba akinitazama nikizunguka uani na mzigo wangu.

"Wewe huwezi cheza?"

"Niko na mtoto."

"Kila siku uko na mtoto. Kwani wewe ni mboch wa hapa?"

Sikulijua neno hilo. Akanieleza kwamba huko mjini ndivyo wanavyomwita msichana wa kazi.

"Msichana wa kazi hulipwa," nikamwambia.

Alicheka mpaka akashika tumbo. "Basi wewe ni mboch wa bure!"

Kila aliponipita baada ya hapo alisema, "Mboch, habari ya kazi?" Nilikuwa na njia yangu ya kutembea na mtoto, kurusha magoti kidogo ili atikisike na asilie, na ukiongea unapoteza hatua.

Kidimbwi kilimshangaza. Alikuwa mtu wa kwanza kufika hapo akaona chakula.

"Mko na samaki wote hawa na mnakula githeri?"

"Nyanya hataki."

"Mnaogopa! Sisi Embu tunakula, tena ya kukaanga, mpaka kichwa. Ndio maana huku mnakuwa wa mwisho."

"Mimi sikuwa wa mwisho."

"Ulikuwa namba ngapi?"

"Nne."

"Ungekula samaki ungekuwa namba moja."

Sikumwamini. Lakini aliposema tuvue wachache, nilitaka kufanya jambo moja siku hiyo ambalo si kubeba. Watu wakiniuliza hata leo kwa nini nilikubali, jibu ni hilo, na sioni cha kuongeza.

Mara ya kwanza alijaribu kwa uzi na pini iliyopindwa. Samaki walikula ugali wakaacha pini. Akajaribu kikapu, kikaelea. Hakuna mtu kwetu aliyewahi kuvua kitu, na yeye kule Embu samaki alimkuta tayari kwenye sahani. Mimi ndiye niliyefikiria maharagwe. Maharagwe yakishapigwa, wanawake wawili wanashika leso pande zote nne, wanaitikisa, takataka zinaruka na maharagwe yanabaki katikati. Nilikuwa nimeifanya kazi hiyo na mama mara nyingi. Nikamwambia tuzamishe leso, tutupe ugali juu yake, tugonge debe, na wakikusanyika tuinue.

"Leso iko wapi?" akauliza.

Leso ilikuwa moja, na ilikuwa imemshika mtoto.

"Mtoe," akasema. "Mimi siwezi shika pande zote. Ni dakika mbili tu."

Niliweka gunia chini ya mgomba, mbali na ukingo kwa kadiri nilivyoona mimi. Nikamkalisha mtoto hapo na kigunzi cha mahindi cha kunyonya. Alifurahi. Mimi pia nilifurahi, mgongo ulikuwa umepata hewa. Nilinyoosha mabega nikajisikia mrefu.

Ilifanya kazi. Hilo ndilo huwa nasahau kuwaambia watu, kwamba ilifanya kazi vizuri. Binamu yangu alisimama upande mmoja wa kona na mimi upande wa pili, tukalaza leso majini, akapiga debe kwa mguu, samaki wakaja juu ya kitambaa wakisukumana. "Inua!" Tukainua. Wanne walibaki katikati wakirukaruka, wanene, wa rangi ya kijivu, na tukawamwaga kwenye nyasi tukipiga kelele kama wendawazimu. Mmoja alinipiga mguuni kwa mkia. Nilikuwa sijacheka hivyo tangu shule ifungwe.

"Mara moja tena," akasema.

Tuliizamisha tena. Nilikuwa nimempa mtoto mgongo. Sikusikia kitu. Niliona uso wa binamu yangu ukibadilika, anatazama nyuma yangu, na mdomo wake umefunguka kama wa wale samaki. Nilipogeuka, mtoto alikuwa tayari kwenye karatasi, kwa tumbo, kichwa mbele, anateleza polepole bila kulia. Alionekana kama mtu anayeshangaa tu. Halafu akaingia.

Yeyote aliyekaa karibu na vidimbwi vile anajua jambo ambalo sisi hatukuambiwa. Karatasi ile ikishakaa na maji inaota utelezi wa kijani, na mwinuko wake ni mkali. Kuingia ni rahisi. Kutoka hakuna. Mbuzi akiingia hatoki, mbwa akiingia hatoki. Na kwetu hakuna anayejua kuogelea. Mito yetu iko chini mabondeni, ni baridi, inakimbia juu ya mawe, mtu anachota maji na kuondoka.

Niliingia kwa miguu, nikateleza mpaka chini. Maji yalinifika karibu na kidevu. Nilimpata kwa kumgusa, nilishika mguu, nikamvuta, nikamwinua juu ya kichwa changu. Alikuwa mzito na legevu. Nilimtikisa huko juu kwa jinsi nilivyokuwa nikitikisa kila siku ili asilie, na safari hii nilikuwa namwomba alie. Akakohoa. Maji yake yakanimwagikia usoni.

"Shika!" Binamu yangu alikuwa amekunja leso kama kamba akanitupia upande mmoja. Niliushika kwa mkono mmoja, mwingine umebeba mtoto. Akavuta. Nilipanda kidogo, miguu ikateleza, nikarudi. Akavuta tena na raba zake nyeupe zikaanza kuteleza ukingoni. Nilimwona akitazama miguu yake. Aliachia leso, akageuka, akakimbia.

Nikabaki na mtoto. Mwanzoni nilipiga kelele, halafu nikaacha, kwa sababu kila nilipopiga kelele nilizama kidogo na mikono ikashuka. Nilijaribu kupanda kwa kucha. Karatasi haina mahali pa kushika. Mtoto sasa alikuwa analia kwa sauti ndogo ya paka, na mikono yangu ilianza kuchoka, na nilijua wazi kabisa, kama unavyojua jibu la hesabu, kwamba mikono ikishuka yeye atakufa kwanza, kisha mimi. Sikuomba Mungu. Nilikuwa nafikiria mikono.

Samaki walikuja. Walikuwa wamezoea kwamba maji yakitikisika kuna ugali. Walinigusa miguu na tumbo kwa midomo yao, wengi, polepole.

Nyanya alitokea kwenye migomba akiburuta ngazi ya kuangulia avokado. Mzee wa miaka ile, na ngazi ile ilikuwa ikibebwa na wanaume wawili. Binamu yangu alikuwa nyuma ameshika mwisho wake. Kwa hiyo hakuwa ametoroka, alikuwa amekimbia kuita mtu, na hilo simnyimi. Nyanya aliilaza ngazi juu ya karatasi mpaka ikagusa maji, akashuka nayo kwa magoti akiwa ameshikilia vipago kwa mkono mmoja, akanyoosha mkono wa pili. Nikampa mtoto. Akapanda naye. Akamshika miguu kichwa chini, akampiga mgongoni, maji yakatoka puani na mdomoni, akaanza kukimbia naye kuelekea nyumbani huku akiita majirani. Binamu yangu akamfuata.

Hakuna aliyetazama nyuma. Mimi nilikuwa bado ndani ya maji.

Nilishika ngazi nikapanda mwenyewe. Kucha mbili zilikuwa zimeng'oka nusu. Nilipita wale samaki wanne kwenye nyasi, mmoja alikuwa bado anafungua mdomo, nikaenda nyumbani nikitiririka maji.

Jirani mwenye pikipiki aliwachukua nyanya na mtoto mpaka hospitali. Mtu alikuwa ametumwa kumwita mama huko kahawani. Alikuja akikimbia, mikono bado myeusi kwa utomvu, akauliza mtoto yuko wapi, akaambiwa. Akanipita. Halafu akarudi, akanipiga kofi, akaondoka kutafuta pikipiki nyingine.

Mtoto alilazwa siku kadhaa kwa nimonia, mama akabaki naye, nyanya akarudi. Siku hizo zote nyumbani hakuna aliyenisemesha isipokuwa kunituma maji na kuni. Sikujua kama anapona. Nilikuwa nikisimama nyuma ya dirisha la jikoni wakija watu, kwa sababu ndiyo njia pekee ya kupata habari. Akina mama wa kanisa walikuja kuombea nyumba.

"Anapumua vizuri sasa?" mmoja akamuuliza nyanya.

"Bado kifua kinalia. Wanamwekea hewa."

"Na ni huyu ndiye alimweka chini?"

"Ndiye."

"Msichana mkubwa hivi!"

"Alikuwa anacheza na samaki."

"Samaki! Hata kama ni kucheza, jamani. Samaki?"

Nadhani hilo liliwasumbua zaidi. Wanawake watano, na kila mmoja aliuliza kwa nini nilimweka mtoto chini. Hakuna aliyeuliza nani alimweka juu yangu. Mmoja tu, wakati wanaondoka, alisimama mbele ya babu na kusema kwa heshima, "Mzee, si uweke hata miiba pale basi."

"Kidimbwi ni cha serikali," babu akajibu. "Na tangu kichimbwe nani ameingia? Watoto wafundishwe kusikia."

Binamu yangu alisifiwa. Kijana ana akili, walisema, alikimbia kuita watu. Alirudishwa Embu na mkungu wa ndizi. Kabla ya kuondoka alikuja nyuma ya jikoni nilipokuwa naosha sufuria.

"Pole," akasema.

"Ya nini?"

"Si nilikuachilia."

"Ulikimbilia nani?"

"Shosho." Ndivyo alivyomwita nyanya.

"Basi. Enda, gari itakuacha."

Hakuniita mboch. Ndiye mtu pekee aliyeniambia pole, na alikuwa mtoto.

Babu aliwazika wale samaki wanne shimoni, kama mbwa waliokufa. Nyanya alichukua ile leso akaichemsha na majivu, akaisuuza, akaichemsha tena, akainusa, akaichemsha mara ya tatu. Aliishughulikia leso kuliko alivyoshughulikia mikono yangu. Kucha nilizipaka mafuta ya kujipaka nikazifunga na kitambaa cha kaptura ya zamani.

Mtoto aliporudi alikuwa amekonda na ana kikohozi. Mama alishuka naye kwenye pikipiki, na mtoto, akiwa mikononi mwake, aliponiona akaninyooshea mikono kama kawaida. Mama akamgeuza upande wa pili.

Jumatatu kibarua kilikuwa kinaendelea. Asubuhi nilisimama jikoni nikingoja kusikia nani atakaa na mtoto. Nilidhani ni nyanya. Nilidhani labda mama hataenda.

"Njoo nje," mama akasema. "Inama."

Niliinama. Nilimsikia mtoto akilazwa mgongoni, ule uzito, na joto lake. Leso ikazunguka. Siku zote fundo lilikuwa linakuja mbele, kifuani. Siku hiyo mama alilipeleka nyuma, chini ya makalio ya mtoto, akalikaza, akafunga la pili juu yake, na nikahisi akilivuta kwa meno.

"Sasa hutamtua," akasema. Akachukua debe lake akaenda.

Nilijaribu kulifikia. Mikono haikufika.

Hiyo ndiyo dawa familia yangu ilipata. Walikaa, wakafikiria, watu wazima, na walichogundua ni kwamba kosa lilikuwa kwenye fundo. Kidimbwi kilikuwa palepale bila ua, na njia ya kwenda kuchota maji ilipita kando yake. Ningeteleza, tungekwenda chini pamoja, tumefungwa vizuri. Nililiona hilo nikiwa na miaka tisa na sijui kwa nini wao hawakuliona.

Mtoto alikojoa. Baadaye akafanya mengine. Nikaenda kwa nyanya nikampa mgongo anifungulie.

"Mama yako ndiye alifunga," akasema. "Sitaki maneno." Akamlisha uji kwa kijiko juu ya bega langu, mwingine ukaniingia shingoni.

Sikwenda kuchota maji. Nilikwenda barabarani, nikakaa kwenye jiwe nikiwa nimeinama, kwa sababu kuegemea kungemkandamiza, na nikakaa hivyo mpaka wachumaji walipoanza kurudi. Mama alinifungulia hapo hapo barabarani. Miguu ya mtoto ilikuwa na alama nyekundu za leso, mgongo wangu ulikuwa umechubuka kwa mkojo. Mama alitazama yote.

"Umeona?" akasema. "Leo amekaa salama."

Nimejaribu kumwonea huruma mama kwa siku ile. Baba alikuwa amempigia simu akimuuliza yeye alikuwa wapi wakati mtoto anazama, kana kwamba alikuwa dansini. Babu alimwambia kwamba mimi, binti yake, sina masikio. Yeye naye akatafuta wa chini yake, akanikuta mimi. Kuna siku naelewa. Siku nyingine namtazama mtoto wangu akitambaa, na sielewi kitu.

Kesho yake mama aliniita tena. "Njoo. Inama."

Nilikwenda. Nikasimama mbele yake, sikuinama.

"Husikii?"

"Nasikia."

"Inama."

"Hapana, mama. Atakufa na mimi."

Alinipiga. Nilisimama wima. Alinipiga tena, kwa mkono, kisha kwa kiatu, na nyanya akatoka akauliza ni nini tena, na babu akasema kutoka ndani kwamba msichana huyu amepata shetani wa majini. Nililia, sikatai, lakini mgongo wangu haukuinama. Mtu hawezi kumfunga mtoto kwenye mgongo ulionyooka, atateleza tu. Mama alijaribu mara moja, akaona.

Wenzake walikuwa wanamwita kutoka barabarani, wanachelewa. Alisimama na mtoto mkono mmoja na leso mkono mwingine, anapumua kwa nguvu. Halafu akageuka, akainama yeye, akamlaza mtoto mgongoni kwake, akafunga kwa mbele, akachukua debe na gunia tupu, akaenda naye.

Niliwafuata mpaka kona kuangalia. Wachumaji walikuwa wamesimama wakimngoja. Wawili kati yao walikuwa na watoto mgongoni, mmoja mdogo kuliko wa kwetu.

"Leo umekuja na wako?" mmoja akamwambia mama. "Lete, kuna kivuli, watalala pamoja."

Wakateremka kahawani wakiongea. Jioni alirudi naye akiwa amelala, na majani makavu ya kahawa kwenye nywele.